Mchoro ni wako au ni wao? Historia fupi ya programu za kuchora bodi za saketi

Nilipotea karibu mwezi mzima, najua, na sababu ni kwamba nilikwenda nyumbani, Kutulo. Kwa wasiopajua, Kutulo ni mji mdogo ulio kwenye barabara ya kutoka Wajir kwenda Elwak na Mandera, huku kaskazini mashariki mwa Kenya. Ni mji wa ngamia, vumbi, maduka ya mabati na visima. Kule, maji yakileta shida hungoji kikao cha wiki ijayo. Ni shida ya leo leo.

Sasa, abti wangu (yaani mjomba, ndugu yake mama) ni mmoja wa wanaosimamia kisima. Jenereta inasukuma maji kutoka chini hadi kwenye tangi lililoinuliwa juu ya mnara wa chuma. Namna ya kujua kama tangi limejaa ni mbili tu: kijana apande ngazi akachungulie, au maji yaanze kumwagika. Na maji yakimwagika, ujue ni dizeli iliyosafiri kwa lori kutoka mbali ndiyo inayomwagika. Mimi nikajitapa kwenye simu: "Abti, hiyo kazi ndogo. Nitakutengenezea kidude cha kiganja, tangi likijaa kipige king'ora."

Kidude chenyewe nilikitengeneza Nairobi, juu ya bodi ya majaribio, ile ya kuchomeka nyaya bila lehemu. Kilifanya kazi vizuri sana. Mezani. Baada ya safari ya basi na mashimo yote yale, nilipofungua mkoba Kutulo nyaya tatu zilikuwa zimechomoka na sikukumbuka zilikuwa wapi. Lakini sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nimeshachora bodi halisi ya saketi kwa programu moja ya mtandaoni (sitaitaja jina, kosa lilikuwa langu), na nilibeba kibao cha shaba, karatasi, na feriki kloraidi kutoka Luthuli Avenue. Ilibaki kurekebisha mambo mawili matatu, nichapishe, nimalize.

Mtandao ukakatika. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Minara ya simu upande wetu imeshambuliwa mara nyingi miaka hii, na hata pasipo shambulio, mnara ukikosa umeme simu zinabaki kuwa tochi tu. Laptopu yangu nzima, mchoro sina.

Abti akaja akaketi kando yangu. "Mchoro umeuchora wewe?"

"Ndiyo, Abti."

"Uko wapi?"

"Uko kwenye kompyuta ya watu, mbali."

"Basi ni wako au ni wao?"

Nilinyamaza. Nina digrii ya sayansi ya kompyuta na sikuwa na jibu. Niliporudi Nairobi nikaanza kusoma historia ya hizi programu, na nikakuta kwamba swali la Abti lina umri mkubwa kuliko mimi. Kila hatua ya historia hii ni watu kuuliza: mchoro uko wapi, na nani anaweza kuufungua? Kwa hiyo kabla sijakwambia programu gani ichukuliwe na mtu anayeanza, hebu turudi nyuma kidogo.

Mkimbizi mwenye wazo la uchapaji

Ukipata redio ya zamani sana, ile ya vali za kioo, ifungue uione kwa chini. Utakuta nyaya zimetapakaa kama utumbo wa mbuzi. Kila kiungo kililehemiwa kwa mkono, kimoja kimoja.

Paul Eisler alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1907. Alisomea uhandisi, na pia aliijua kazi ya uchapaji. Alikuwa Myahudi, na Vienna ya miaka ya 1930 haikuwa mahali pa Myahudi kupata kazi. Mwaka 1936 akaenda Uingereza, akakaa chumba cha kupanga Hampstead, London. Humo chumbani akatengeneza redio ambayo nyaya zake hazikuwa nyaya. Wazo lake lilikuwa hivi: chukua karatasi nyembamba ya shaba, igandishe juu ya kibao kisichopitisha umeme, chapa juu yake njia unazozitaka kwa wino unaostahimili asidi, kisha acha kemikali ile shaba yote isiyofunikwa. Kinachobaki ni saketi.

Msomaji, hicho ndicho hasa tunachofanya leo na pasi ya nguo na feriki kloraidi! Zaidi ya miaka 80 imepita na mapishi ni yale yale.

Alipolipeleka wazo hilo kwa kampuni ya Plessey, kwa maelezo yake mwenyewe alijibiwa kwamba kazi ya kuunganisha nyaya inafanywa na wasichana, nao ni rahisi zaidi. Aliomba hataza mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto.

Ni vita hivyo vilivyolisukuma wazo lenyewe. Marekani walihitaji fyuzi ya kombora yenye redio ndani yake, ndogo, isiyovunjika ikirushwa. Moja ya njia zao ilikuwa kuchapa saketi juu ya kibao cha kauri kwa wino wenye madini ya fedha. Kumbuka huo wino wa fedha, tutakutana nao tena mwishoni. Baada ya vita, mwaka 1948, Marekani waliruhusu utaalamu huo utumike kibiashara. Mwaka 1949 Moe Abramson na Stanislaus Danko wa kitengo cha mawasiliano cha jeshi la Marekani wakaonyesha namna ya kutoboa matundu, kupenyeza miguu ya vipuri, na kulehemu bodi nzima kwa mara moja badala ya kiungo kimoja kimoja. Kutoka hapo bodi za saketi zikaingia kila mahali, hadi kwenye redio ya betri ambayo babu zetu waliisikilizia habari chini ya mti.

Mkasi, kanda nyeusi na meza ya mwanga

Lakini nani alichora? Mtu, kwa mkono. Kwa miaka mingi mchoraji aliketi mbele ya meza yenye mwanga kwa chini, juu yake plastiki angavu, akabandika kanda nyeusi nyembamba kila mahali palipotakiwa njia ya shaba, na viduara vyeusi kila palipotakiwa tundu. Alichora mara mbili au hata mara nne ya ukubwa halisi, kisha kamera ikapunguza picha hadi ukubwa wa bodi. Umekosea njia moja? Bandua kanda, bandika upya, na uombe Mungu usisogeze ya jirani.

Ilikuwa kazi ya kuumiza mgongo, ila ilikuwa na neema moja. Swali la Abti lilikuwa na jibu rahisi. Mchoro ulikuwa kitu cha kushikika, umo kwenye droo yako. Mwenye droo ndiye mwenye mchoro. Kompyuta zilipoingia, droo ikatoweka, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Mtoto mwingine wa Vienna

Jina Gerber utalikuta kila ukitaka kutengenezewa bodi. "Tutumie faili za Gerber," watakwambia. Wengi hudhani ni kifupisho cha kitu fulani. Hapana, ni jina la mtu. Joseph Gerber alizaliwa Vienna mwaka 1924, Myahudi pia, na alifika Marekani mwaka 1940 akiwa kijana aliyewakimbia Wanazi. Mji ule ule wa Eisler, na sababu ile ile ya kukimbia. Mmoja alitupa bodi, mwingine akatupa lugha ya kuieleza. Nilipoligundua hilo nilikaa kimya kidogo. Sisi wa kaskazini mashariki tunawajua wakimbizi. Dadaab iko Garissa, na tumezoea kusikia wakihesabiwa kama mzigo.

Kampuni ya Gerber ilitengeneza mashine iliyochora kwa mwanga juu ya filamu ya picha. Taa inapita kwenye kitundu chenye umbo fulani, inasogea, inachora. Mashine ilihitaji maagizo, na maagizo hayo yaliandikwa kwa maandishi ya kawaida. Ukilifungua faili la Gerber kwa programu ya kuandikia tu utaona mistari kama hii:

X010000Y025000D02*
X040000Y025000D01*

Wala si uchawi. X na Y ni mahali. D02 ni "nenda pale taa ikiwa imezimwa." D01 ni "nenda pale taa ikiwa inawaka," yaani chora. D03 ni "simama, washa taa mara moja," yaani weka kiduara. Ndiyo lugha yenyewe, kwa sehemu kubwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuandika programu ya kuisoma wikendi moja.

Kampuni iliichapisha fomati hiyo mwaka 1980 ili kila mtu aifuate. Ila fomati ya kwanza ilikuwa na kasoro moja kubwa: haikusema vile vitundu vya taa vina ukubwa gani. Orodha ya vitundu ilikuwa karatasi ya pembeni. Karatasi ikipotea, kiwanda kinabaki kukisia. Ni sawa na kupokea sanduku lililofungwa na ufunguo umeachwa nyumbani. Fomati iliyopanuliwa ya miaka ya 1990 iliweka vipimo hivyo ndani ya faili lenyewe, na tangu mwaka 2014 toleo jipya linaweza pia kueleza tabaka gani ni ipi. Leo fomati hiyo inatunzwa na kampuni ya Ucamco ya Ubelgiji, na maelezo yake yote yanapatikana bure.

Kwa hiyo funzo la kwanza: faili likiwa la maandishi, likibeba kila kitu ndani yake, na maelezo yake yakiwa hadharani, linaishi kuliko kampuni iliyolizaa. Mashine za taa za Gerber zimekuwa vitu vya makumbusho. Lugha yake inatumika leo.

Ila angalia vizuri: Gerber ni picha ya bodi tu. Haijui kwamba njia hii ni ya umeme wa volti 5 na ile ni ya kihisi. Ni kama chapati, ukishaipika hurudi kuwa unga. Ukitaka kubadilisha mchoro wako kesho, unahitaji faili la programu uliyochorea. Na hapo tunarudi kwa Abti.

Kompyuta inafika mezani

Mwanzoni programu za kuchora bodi ziliishi kwenye kompyuta kubwa za makampuni makubwa. Miaka ya 1980 ndiyo zilishuka hadi kwenye kompyuta ndogo. Mwaka 1985 Nick Martin, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Tasmania, Australia, alianzisha Protel na kuuza programu ya kuchora bodi kwenye DOS kwa bei ambayo fundi wa kawaida angeweza kuifikiria. Kampuni hiyo ndiyo baadaye iliitwa Altium, na bei ikapanda tena mlima.

Mwaka 1988 kampuni ya CadSoft ya Ujerumani ikatoa EAGLE. Jina hilo ni herufi za maneno ya Kijerumani yenye maana ya kihariri cha mchoro kilicho rahisi kutumia. Wanaoanza waliipenda kwa sababu moja kubwa: kulikuwa na toleo la bure, lenye mpaka. Bodi isizidi milimita 100 kwa 80, tabaka mbili, basi. Kwa mwanafunzi hiyo inatosha kabisa.

Kisha mwaka 2005 Arduino ikazaliwa Ivrea, Italia, na michoro ya bodi zake ikatolewa hadharani kama faili za EAGLE. Maduka ya vipuri vya wanafunzi nayo yakatoa michoro yao hivyo hivyo. Kizazi kizima kikajifunza kuchora bodi kwa EAGLE, kutoka Colorado hadi mabweni ya vyuo vya Nairobi. Ilikuwa kama Kiswahili cha soko: si kwamba ni bora kuliko lugha zote, ila ukiingia sokoni ndicho utakachosikia.

Sasa fuata mlolongo huu taratibu. Mwaka 2009 CadSoft ilinunuliwa na Premier Farnell, wauzaji wa vipuri. Mwaka 2016 EAGLE ikauzwa kwa Autodesk. Januari 2017 Autodesk wakaacha kuuza leseni ya kudumu. Kuanzia hapo ni kulipia kwa mwezi au kwa mwaka, na programu ikatakiwa kuingia mtandaoni mara kwa mara kuthibitisha kwamba umelipa. Mwaka 2023 wakatangaza kwamba EAGLE itafikia mwisho tarehe 7 Juni 2026, na watumiaji wahamie kwenye programu yao nyingine, Fusion.

Siwalaumu. Kampuni ni duka, na mwenye duka ana haki ya kulifunga. Lakini fikiria fundi aliyechora kwa miaka 15, ana bodi 60 kwenye diski. Bodi ni zake. Je, ufunguo?

Kilichowaokoa wengi ni uamuzi mmoja wa zamani. Kuanzia toleo la 6, EAGLE iliandika faili zake kwa XML, yaani maandishi yanayosomeka, badala ya fomati ya siri. Kwa sababu hiyo programu nyingine ziliweza kujifunza kuyasoma. Mlango ulifungwa lakini dirisha lilikuwa wazi.

Mwalimu wa Grenoble

Mwaka 1992, Jean-Pierre Charras, mwalimu wa chuo huko Grenoble, Ufaransa, alianza kuandika programu yake mwenyewe ya kuchora bodi. Aliiita KiCad. Ni programu huria: unaitumia bure, unaisoma ndani, unaibadilisha, unampa jirani. Kwa miaka mingi ilikuwa ngumu kidogo na haikuwa na sura. Waliokuwa na EAGLE waliicheka.

Mwaka 2013 CERN, kile kituo kikubwa cha fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kikaanza kuweka watu wake kuiboresha. Kwa nini taasisi tajiri hivyo ihangaike na programu ya bure? Kwa sababu walitaka michoro ya vifaa vyao isomwe na mtu yeyote. Kumpa mtu mchoro huria unaohitaji programu ya bei ya gari ni kama kumpa ngamia aliyefungwa kwa kufuli.

Toleo la 5, mwaka 2018, likaweza kufungua faili za EAGLE moja kwa moja. Mwaka 2019 mradi ukawekwa chini ya Linux Foundation. Toleo la 6 la Desemba 2021 likabadilisha sura kiasi kwamba kicheko kiliisha. Faili zake ni maandishi matupu. Unaweza kuziweka kwenye Git na kuona umebadilisha nini jana.

Wasomaji wa siku nyingi watakumbuka mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice kupitia mradi wa Kilinux. Haikuwa ruhusa ya kampuni yoyote iliyoleta programu ile ya ofisi kwa Kiswahili. Ni kwamba programu ilikuwa huria, na watu wetu waliketi wakaifanya. Ni jambo lile lile.

Rahisi, lakini rahisi kwa nani?

Kuna njia nyingine mbili ambazo anayeanza huelekezwa.

Fritzing ilianza Potsdam, Ujerumani, mnamo 2007. Inakuonyesha picha ya bodi ya majaribio kama ilivyo mezani kwako, na nyaya za rangi. Kwa mtoto wa shule hakuna bora zaidi. Nayo ni programu huria, ingawa baadaye waliomba malipo madogo kwa kuipakua kutoka kwao. Udhaifu wake ni kwamba bodi ikiongezeka vipuri kidogo tu, inakuwa kama kuvuka mto kwa baiskeli.

EasyEDA ilitoka China katika miaka ya 2010. Inafanya kazi ndani ya kivinjari, husakinishi kitu, na imeunganishwa na duka la vipuri la LCSC na kiwanda cha JLCPCB. Unachora, unabonyeza, bodi zinakuja kwa ndege. Kwa aliye Nairobi mwenye mtandao mzuri ni rahisi mno, sikatai. Ina toleo la kusakinisha pia. Lakini ukiitumia ndani ya kivinjari kama wengi wanavyofanya, mtandao ndio meza yako. Meza ikiondolewa, unabaki umesimama.

Neno "rahisi" ndilo linalotudanganya. Tunaulizana programu ipi ina vitufe vizuri, wakati vitufe utavizoea kwa wiki mbili. Hatuulizani mchoro utafunguka wapi baada ya miaka kumi.

Printa ya bodi mezani

Sasa tuje kwenye kuchapa bodi hapo hapo ulipo. Mwaka 2013 Othermill ilichangiwa pesa kupitia Kickstarter: mashine ndogo ya mezani inayochonga shaba isiyotakiwa kwa kikekee chembamba. Mwaka 2015 wahitimu wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, wakaja na Voltera V-One, inayochapa njia za saketi kwa wino wenye madini ya fedha. Ndio ule wino wa fyuzi za vita, umerudi baada ya miaka 70! Ilipata tuzo ya James Dyson mwaka huo huo.

Othermill ilisoma faili za EAGLE na za Gerber. V-One inasoma Gerber. Hii ndiyo sehemu ambayo anayeanza anapaswa kuishika: mashine haijali ulichorea programu gani. Programu yoyote inayotoa Gerber safi itaongea na printa ya mezani, na kiwanda cha China, na karakana ya Nairobi. Kwa hiyo usichague programu kwa sababu ya mashine. Mashine utabadilisha.

Na huku kwetu haya si mambo ya kutazama kwa mbali. Mwaka 2013 timu iliyotoka Ushahidi iliwaonyesha walimwengu BRCK, modemu iliyobuniwa Nairobi kwa ajili ya mahali penye umeme wa kukatika. Mwaka huo huo watafiti wa Oxford walifunga vidude ndani ya mikono ya pampu za maji Kyuso, Kitui. Kidude kilihesabu mkono ukipanda na kushuka, kikatuma taarifa kwa ujumbe wa simu, na muda wa kungoja fundi ukashuka kutoka wiki kadhaa hadi chini ya siku tatu. Baadaye mradi wa Kenya RAPID uliweka vihisi kwenye visima vya kaunti za kaskazini, Wajir na Garissa zikiwemo. Ndani ya kila kidude kama hicho kuna bodi, na mahali fulani kuna mchoro wake. Siku kidude kikiharibika na mradi umeisha, fundi wa Wajir ataufungua kwa nini?

Nilivyomaliza

Nilirudi Kutulo baada ya wiki mbili nikiwa na KiCad kwenye flashi. Faili lake la kusakinisha ni kubwa, zaidi ya gigabaiti moja, kwa hiyo lipakue ukiwa mjini na maktaba zake zote za vipuri. Nilichora upya kuanzia mwanzo. Jioni tatu. Mtandao ulikatika mara mbili na sikujua mpaka nilipotaka kumpigia mtu.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba lazima picha igeuzwe kama kwenye kioo kabla ya kuipiga pasi, nikageuza. Lakini tabaka la chini programu inalionyesha kana kwamba unalitazama kupitia juu ya bodi, kwa hiyo limeshageuka tayari! Chipu ikakaa kinyume, miguu ya kushoto kulia. Kibao cha shaba kikaenda bure. Tabaka la chini: usigeuze. Tabaka la juu: geuza. Andika ukutani.

Mara ya pili ilikubali. Printa ya leza ya duka la kutoa nakala, pasi ya nyumbani, glavu, feriki kloraidi kwenye sahani ya plastiki. Maji machafu yaliyobaki nimeyatia kwenye jerikeni nikarudi nayo Nairobi, kwa sababu yana shaba ndani, na mtu hamwagi sumu kando ya kisima anachojaribu kukisaidia.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni mfupi. Kama unataka tu kuelewa saketi ni nini, cheza na Fritzing mwezi mmoja. Kama bodi yako itatumika na watu, anza na KiCad, uvumilie wiki mbili za mwanzo. Ukiipenda EasyEDA, itumie, ila kila jioni hamisha faili zako ziwe kwenye diski yako. Na programu yoyote ile, ijaribu kwa kuzima mtandao kwanza. Mchoro ukifunguka, endelea. Usipofunguka, hata kama umeuchora wewe, bado hujaupata.

Barabara ya Isiolo hadi Mandera, ule mradi ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2020, imepangwa kupita Kutulo pamoja na kebo ya mtandao wa nyuzi. Nitafurahi sana kebo ikiwaka. Lakini faili ya bodi ya Abti iko kwenye flashi mbili, moja nimemwachia yeye. Kando yake nimeweka mchoro uliochapwa kwenye karatasi, na kisakinishi cha KiCad. Alinitazama nikivifunga kwenye nailoni akauliza vyote hivyo ni vya nini.

"Ndio mchoro wenyewe, Abti. Siku nisipokuwepo, fundi yeyote atautengeneza."

Akauchukua mfuko, akauweka kwenye sanduku la bati anamowekea risiti za dizeli, akafunga. King'ora kililia jioni hiyo saa kumi na mbili kasoro, na kijana wa ngazi akakimbia kuzima jenereta bila kupanda.

Kwa leo naishia hapo. Kesho ukipata muda, zima mtandao ufungue kazi zako. Uone zipi ni zako.